Maharage ya Klara na Dumu la Muyinga

Tulisikia harufu ya nyama inayoungua, na mimi kwa ujinga wangu nikauliza nani kaanza kuchoma mishikaki saa nne asubuhi.

Kumbe kilikuwa kidole cha kaka yangu.

Houssein alikuwa amekaa mezani, chuma cha kuchomelea kimemlalia kidole cha shahada, moshi unapanda, na yeye anaendelea kunieleza habari za radio ya mteja.

"Kaka! Mkono!"

Akautazama kama wa mtu mwingine. Akakiondoa chuma polepole.

"Tangu ile wiki ingine mi sisikie kitu kwa vidole, Faridi," akasema.

Nawaomba msome hadi mwisho kabla ya kunitukana. Mkifika mwisho mtapata sababu nzuri zaidi.

Sisi ni mafundi wa simu na radio hapa Gitega, mtaa wa Waswahili, kazi tuliyoachiwa na marehemu baba. Mimi nakaa mlangoni na wateja. Houssein na mkewe Swabra walikuwa wanakaa chumba cha nyuma: mume anachomelea, mke anaosha bodi, yale mabamba ya ndani ya simu, kwa mswaki. Dirisha la chumba kile tulilipigilia nailoni, maana vumbi la barabarani na bodi haviivi chungu kimoja.

Kwa wasiojua: ukichomelea risasi, ule waya laini wa kuunganishia, kwenye bodi, hubaki uchafu wa kahawia unaonata. Sisi tunauita pasta. Usipouosha, unakula shaba taratibu, na baada ya miezi miwili mteja anarudi kukutukania mama. Kuosha ni lazima. Swali ni unaosha kwa kitu gani.

Zamani tuliosha kwa esansi, yaani petroli. Halafu esansi ikaadimika nchi nzima, watu wakawa wanashinda kituoni na madumu matupu. Nikaenda kwa Jeska, mwenye duka la dawa, akaniuzia chupa ya alkoli.

"Mafundi wa Bujumbura wanatumia hii," alisema. "Inakauka mbio. Fungua tu dirisha, na usiweke karibu na moto."

Houssein alipoinusa, aliitoa nje kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"We unaniletea pombe kwa duka ya baba? Mi naswalia hizi nguo!"

"Kaka, si ya kunywa."

"Pombe ni pombe. Tafuta kintu ingine."

Wateja walikuwepo, wakaitikia kwa vichwa kumsifu. Kaka ni kaka. Nikatafuta.

Nilikuwa na safari ya Muyinga kufuata vipuri. Huko, karibu na soko, nikamkuta Venansi, bwana anayeuza vitu vya ng'ambo ya mpaka: gundi, rangi, na kadhalika. Nikamweleza shida yetu. Akanionyesha pipa la chuma, akanichotea kidogo kwenye kifuniko.

"Hii haina alkoli hata tone, bwana. Hii njo wanalainisha nayo gundi ya viatu. Inakauka kupita esansi."

Nilijaribu palepale kwenye bodi moja. Pasta ikayeyuka kama sukari kwenye chai. Pipa lilikuwa na karatasi ya maandishi ya Kifaransa, na alama ya mtu mwenye nyota kifuani. Niliiona vizuri tu. Nikadhani ni nembo ya kampuni.

Nikarudi Gitega na dumu la lita ishirini, nikapongezwa kweli kweli.

Sasa niwaambie kuhusu Klara.

Klara alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi nchini na mumewe Urbano. Wana shamba dogo huko Bugendana, lakini yeye alipanga chumba mjini ili auze chakula: maharage na ugali wa muhogo. Kila mchana alituletea dukani. Na kabla ya kupakua, anachota kijiko, anaonja mbele ya macho yenu. Ndiyo desturi ya kwetu, anayekupa chakula huanza yeye, ujue hakuna sumu.

Houssein na Swabra walikula kwake kila siku. Mimi nilibeba chakula changu, kwa sababu mke wangu ana wivu na masufuria ya wanawake wengine.

Mwezi wa nne wa lile dumu ndipo kaka alipoungua kidole. Wa tano, Swabra akawa anapoteza kandambili njiani bila kujua kama imemtoka. Wa sita, Houssein anatembea akiinua magoti juu kama anayevuka tope, maana nyayo zinaburuta. Hospitali wakapima malaria, wakapima sukari, wakatoa vitamini.

Mtaani walikuwa wameshapima zamani. "Wamelishwa," walisema, yaani wametiliwa sumu.

Nikakaa nikafikiri kifundi. Fundi hutafuta tofauti: kwa nini hii inafanya kazi na hii haifanyi? Wawili wanaumwa, mmoja mzima. Wawili wanakula kwa Klara, mmoja hali. Nikajiona nina akili sana.

Ijumaa ile, watu wanatoka kuswali, Klara akaja na sufuria kichwani. Nikasimama mbele ya duka nikapaza sauti:

"Muntu anaua kaka yangu ni huyu!"

Klara alishika sufuria kwa mikono miwili. "Kaka Faridi, unasema nini? Si naonja mbele yenu kila siku?"

"Anakunywaka dawa ya kuzuia sumu kabla ya kuja!" mtu akajibu nyuma yangu.

Watu wakasogea. Sufuria likaondoka kichwani pake, maharage yametoka jikoni sasa hivi, yakammwagikia paja na mguu mzima. Sijui nani alisukuma. Siwezi kuapa kwamba mkono wangu haukuwepo. Alipiga kelele mara moja, halafu akawa anakwangua maharage mguuni huku ngozi inatoka nayo. Hakuna aliyemletea maji, na mimi niliyesimama karibu kuliko wote sikumletea.

Kesho yake chumba chake kilikuwa kitupu. Tukamshukuru Mungu. Mke wangu akaanza kutupikia sote.

Na kaka akazidi kuumwa.

Mwezi mzima hakuna maharage ya Klara, na Houssein sasa hawezi kufunga kifungo cha shati. Dumu nalo likawa linakaribia kuisha, nikapanda gari kwenda Muyinga kuchukua lingine. Nikakuta duka la Venansi limefungwa. Wakanielekeza nyumbani kwake.

Alikuwa kwenye mkeka, mkewe Theodosia anamlisha uji kwa kijiko. Miguu imekonda, vidole vimepinda.

"Karibu, bwana wa Gitega," alisema. "Unaona vile wameniroga? Jirani njo amenifanya hivi. Ilianza kwa vidole vya mguu."

"Tangu lini?"

"Miezi sita. Nilikuwa namimina ile dawa ya gundi kwa chupa, huku ndani, nimefunga mlango sababu ya wezi. Mara mguu ikaanza kulala. Mara mukono."

Nikaanza kuhesabu upya. Venansi hajawahi kukutana na Klara. Hajala maharage yake hata punje moja.

Pipa lilikuwa uani. Nikaipiga picha ile karatasi, na kesho yake asubuhi nikampelekea Jeska. Alisoma hadi mwisho wa karatasi.

"Hii ni heksani, Faridi. Ukiivuta kila siku kwa chumba ya kufungwa, inakula mishipa ya fahamu. Inaanza kwa vidole. Imeandikwa hapa. We si ulisoma Kifaransa?"

Nilisoma.

"Na huyu mtu wa nyota?"

"Ni alama ya hatari. Maana yake, kintu hii inaumiza mwili ndani kwa ndani."

Basi. Mimi nilikuwa mzima kwa sababu nilikaa mlangoni, penye upepo.

Siku ileile nikaenda Bugendana. Urbano alitoka na jembe mkononi, akanitazama, akaamua kuliweka chini. Klara alikuwa amekaa ndani. Mguu umejikunja gotini, kovu limeukaza, haunyooki tena. Nikapiga magoti, nikalia, nikaeleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mbona umekuja kuninong'onia huku kwenye migomba?" akauliza. "Ulinitaja mbele ya watu. Wanangu wanaitwa watoto wa mlozi hata huku kwetu. Rudi ukaseme palepale uliposemea."

Nikaahidi.

Nilipofika Gitega nililimwaga dumu, nikaing'oa nailoni dirishani, kisha nikaingia kwa Houssein. Alikuwa amelala ubavu. Nikamwambia kila kitu, nikasubiri anilaani. Hakunilaani.

"Mi najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Siku tukifunga duka, kichwa kinatulia. Tukifungua ile dumu, kinazunguka. Mi pia ni fundi, Faridi. Lakini nilikataa ile chupa ya Jeska mbele ya watu. Ningesema nini?"

"Na Klara? Ulinisikia nikimtaja?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

Machozi yakamtoka, na mkono hauwezi kuyafuta.

"Kama si Klara, ni we uliniua. Na mi nimeua bibi yangu Swabra. Klara iko na kwao. Mi niko na ndugu moja tu. Acha ikuwe Klara."

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka. Swabra alikuwa pale, amesikia yote. Kesho yake alirudi kwa wazazi wake, anatembea kwa fimbo mbili, na hajarudi.

Nanyi mnasubiri niseme nilikwenda kulisafisha jina la Klara. Sikwenda. Nilimtazama kaka yangu na nikafanya alivyoniomba. Nilinyamaza miezi saba.

Halafu wiki mbili zilizopita, hapa hapa mtaani, walimfukuza mama mwingine, Gaudensia, muuza uji, kwa sababu mteja wake aliharisha. Nilisikia kwa masikio yangu wakisema, "Ni kama yule Klara wa kwa Faridi." Uongo wangu umeshakuwa ushahidi.

Ijumaa iliyofuata nikasimama mbele ya duka, watu wanatoka kuswali, nikasema yote. Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Mmoja akasema, "Maskini, na yeye wamemlisha." Houssein alikuwa kwenye kiti mlangoni. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Miguu yake, daktari anasema, haitarudi kama zamani.

Ndiyo maana naandika hapa, mahali ambapo hamwezi kuondoka kabla sijamaliza.

Fundi mwenzangu, osha bodi kwa alkoli safi ya duka la dawa, dirisha wazi, moto mbali. Esansi hapana, dawa ya gundi hapana, na ile alkoli ya kuwashia jiko pia hapana, inaweza kukupofusha. Chombo kisicho na karatasi usinunue. Chenye karatasi, isome, na usichokielewa uliza. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Na ndugu yako akiumwa, kabla ya kumtaja jirani, tazama kwanza ulichokileta wewe mwenyewe nyumbani.

Aliyewatilia sumu Houssein na Swabra ni mimi, Faridi, fundi wa simu wa Gitega. Klara wa Bugendana aliwapa maharage tu.