Mwalimu Aliyetugeuzia Mgongo

Enzi zetu pale Mitundu, na nyie mliokwenda shule na dumu la maji mkono huu na fagio mkono ule mtanielewa, mtoto alikula ugali wa uwele na mlenda, akakimbilia uwanjani pekupeku, na mwiba akautoa mwenyewe. Siku hizi mtoto akichomwa na kijiti anataka kwanza apigwe picha.

Uwanja wetu wa mpira wa pete ulikuwa vumbi tupu, pete zenyewe amezikunja fundi baiskeli. Kocha wetu alikuwa Mwalimu Yona, Msabato wa kweli kweli. Jua la Ijumaa likianza kuzama anabeba kiti chake anaondoka, hata kama mpira uko hewani. Jumamosi hakanyagi uwanja. Shida ni kwamba mechi zote zilikuwa Jumamosi.

Basi akatutungia zoezi ambalo sijaliona kwingine mpaka leo. Katikati ya wiki anageuza kiti, anatazama porini, sisi tunabaki na mgongo wake. "Leo mimi sipo. Chezeni." Tunagombana, tunakosea, tunapangana upya, yeye kimya. Tukimaliza ndipo anageuka: "Haya, nisimulieni." Kapteni wetu Zuhura, binti wa Kiislamu mwenye mdomo kama mimi, alimuuliza siku moja, "Mwalimu, kwani ukija Jumamosi ukachungulia tu, Mungu atakasirika?"

Akacheka. "Nikichungulia nitapiga kelele. Najijua."

Mwaka tulioingia fainali na wasichana wa Itigi, mshindi alikuwa anapelekwa Singida mjini. Mimi ghorofa nilikuwa naisikia tu. Mechi ikapangwa kwetu, Jumamosi alasiri, na kanisa la Mwalimu lilikuwa pale pale jirani na uwanja. Tukambembeleza. Wazazi wakambembeleza. Mama yangu, Mkatoliki, akamwambia baba, "Dini gani hiyo ya kuwatupa watoto siku ya fainali?" Nilikasirika mpaka shikamoo yangu kwa Mwalimu ikawa inatokea puani.

Tukacheza. Wale wasichana walikuwa warefu, wakatuacha mpaka mashabiki wetu wakanyamaza kabisa. Tukageuka pembeni kutafuta mtu wa kutuambia la kufanya. Hakuna mtu. Zuhura akatukusanya. "Joyce, toka nyuma, nenda kafunge wewe. Na wewe senta," akaninyooshea kidole, "acha kurusha juu, hawa ni twiga. Dundisha!" Nikadundisha. Tukashinda kwa goli moja.

Tukakimbia na vumbi letu hadi kanisani. Mwalimu alikuwa nje, kwenye benchi. Akanyanyua mkono. "Jua bado. Sabato haijaisha."

Tukakaa naye, midomo tumeibana kama tumejaza maji. Mimi nilikuwa natazama mguu wake: unagonga chini, unagonga, na macho yake hayabanduki kwenye jua. Lilipozama hakuuliza nani kashinda. Aliuliza, "Pale watu waliponyamaza, mlifanyaje?"

Mpaka leo najiuliza: mchana ule alikuwa anasali au anasikiliza? Na lile zoezi la mgongo, ni dini iliyomlazimisha, au dini ilimwonyesha kitu ambacho makocha wengine hawakioni?

Maana sasa nimeolewa Iguguno, na mwanangu Elia yuko timu ya watoto ya mpira wa miguu. Kocha wao anaanza na maombi marefu. Sawa, naitikia amina. Amina ikiisha tu, matusi. "Pasia! Piga! Rudi, we mbwa!" Jumamosi iliyopita Elia alibaki yeye na kipa. Goli lote wazi. Akasimama, akageuka kumtazama kocha aambiwe apige wapi. Mpira ukachukuliwa, akaitwa boya mbele ya watu.

Nikaingia uwanjani na kanga zangu. "Kocha, umemaliza kusali, sasa nyamaza watoto wacheze!"

Akanijibu, "Mama Elia, mpira unaujua wewe?"

Naujua. Ila nyumbani nilimkuta mtoto amekaa na sahani haijaguswa, ananiuliza, "Mama, nilitakiwa nipige wapi?" Mimi hakuna kocha aliyewahi kuniambia. Sisi tulikuwa tukigeuka pembeni tunakuta mgongo wa Mwalimu na shati lake la bluu lililopauka, na Jumamosi hata huo mgongo haupo. Basi tunarudisha macho uwanjani, tunacheza.