Mzee wa Baraza na Muuaji wa Jumapili

Wiki iliyopita tulimzika Igoma mama mmoja aliyekufa kwa kisukari. Naliandika neno hilo bila kulimung'unya, kwa sababu ugonjwa huo alikuwa nao kwa miaka mingi, alijichoma sindano mbele ya wageni, na daktari naye aliutaja waziwazi. Lakini kaburi halijafunikwa vizuri, tayari chini ya turubai watu wazima walikuwa wakinong'ona kwamba lazima kuna mkono wa mtu, tena mtu asiyedhaniwa. Mmoja alimtaja mdogo wa marehemu, kosa lake likiwa kwamba alilia kuliko wote. Niliacha kiti changu nikaenda kusimama juani.

Marehemu alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, yaani mmoja wa wale raia wanaoketi pembeni ya hakimu na kutoa maoni kabla ya hukumu. Aliketi pale hadi alipozeeka. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, mwizi wa ng'ombe ni yule aliyekutwa na ng'ombe. Aliyempiga mkewe ni mumewe. Sijaona kesi iliyonishangaza, ila nimeona nyingi zilizonisikitisha." Milango ya biashara nchini ilipofunguliwa na televisheni za kutoka Dubai zikajaa madukani mjini, mkwewe alimletea moja. Ilikuwa ya kwanza katika mtaa wake, na tangu siku hiyo sebule yake haikuwa yake tena.

Kila Jumapili jioni kituo kimoja kilionyesha tamthilia ya upelelezi iliyotokana na kitabu cha Kiingereza. Mimi, kwa kuwa nilikisoma chuoni, nilipewa stuli ya mbele niwe mkalimani. Sijapata kuona ulevi wa namna ile, na mitaa yenye pombe za kienyeji naijua. Watu waliacha mboga jikoni. Harusi moja ilisogezwa. Mambo yenyewe yalikuwa nini? Mtu anauawa, wanashukiwa watu wote, na kila kipindi kinapokwisha mlango unafunguliwa, tunaonyeshwa viatu tu, basi, mpaka Jumapili ijayo. Kibaya zaidi, waliotengeneza tamthilia walikuwa wamembadilisha muuaji. Kwenye kitabu aliua ndugu mwenye wivu, na ukisoma unauelewa wivu wake. Kwenye televisheni dalili zote zilikuwa zikimwelemea mzee mpole wa bustani. Nilipomweleza marehemu, mama mwenye nyumba, aliuliza, "Kwa nini wamembadilisha?" Nikamjibu, ili watu wasibashiri. Akasonya. "Kwa hiyo mtu anafungwa kwa sababu hakutarajiwa." Alisema hivyo, lakini Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kuketi. Hilo silifichi, aliitukana ile tamthilia saa nzima, na hakukosa hata mara moja.

Katikati ya majuma hayo spika za kwaya ziliibwa kwenye stoo ya kanisa. Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mweka hazina wa kwaya, ambaye siku hizohizo alikuwa amefungua baa ya muziki njiani kuelekea sokoni. Mtaa wenye akili timamu ungeanzia hapo. Mtaa wetu, uliokwisha kufundwa na televisheni, ulisema hapana, hilo ni jepesi mno, na ukamgeukia katekista, mzee mkimya aliyefuga kuku na kusalimia hadi watoto. Eti kimya kingi kina mshindo mkuu. Kina mama wakaacha kununua mayai yake. Shikamoo zikakatika. Jioni moja mawe yakarushwa juu ya bati lake, na siku chache baadaye alifunga mizigo, akavuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga, kwa watoto wa kaka yake.

Jumapili ya mwisho wa tamthilia, sebule ilijaa hadi madirishani. Mpelelezi aliwakusanya washukiwa, akainua kidole. Mama mwenye nyumba akainuka na kuchomoa waya ukutani.

"Mama, tafadhali," mweka hazina alisema kutoka kwenye kochi, maana naye alikuwamo.

"Nani hapa alimwona katekista amebeba spika?" mama aliuliza. Akawatazama mmoja mmoja. "Haya. Nani amepita baa ya huyu kijana wiki hii?"

Wote walikuwa wamepita. "Spika moja inakwaruza kama ilivyokwaruza siku ya Pasaka," mama aliendelea. "Mmeisikia kila siku mkienda sokoni. Mlitaka ije iwaambie kwa Kiingereza?"

Mweka hazina alitazama sakafu. Alisema alizichukua kwa muda tu. Sasa sikilizeni jambo ninalolidharau hadi leo. Hakuna aliyepigwa na butwaa wala aliyeona haya. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwa unyonge, "Ah, kumbe ndiyo hivyo tu," kama aliyeuziwa samaki mdogo. Mwingine akamwomba mama arudishe waya. Akaurudisha, lakini tamthilia ilikuwa imekwisha, na mtaa ulimnunia kwa kuukosesha muuaji wake. Spika zilirudi kanisani siku ya pili. Habari za katekista hakuna aliyeuliza.

Mama aliuliza. Tulivuka pamoja, yeye na mimi, tukamkuta mzee akipalilia mihogo. Alitupatia viti, akatuletea maji. Mama akamwomba arudi, akisema mwizi amejulikana na jina lake limesafishwa. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Yule kijana nimemsamehe," alisema. "Alitaka spika. Hao wengine, mama, walitaka nini kwangu?"

Mama, aliyetoa maoni kwenye kesi nyingi, alimaliza maji yake akaaga. Mzee hakurudi Igoma. Jibu la swali lake mimi ninalo, na kwa heshima ya marehemu nalitoa hapa: walitaka kushangazwa. Mtu aliyezoea kushangazwa kila juma huuchoka ukweli, kwa kuwa ukweli mara nyingi hukaa palepale ulipouona mara ya kwanza. Akiuchoka, atatafuta ukweli mwingine mtamu zaidi, na hautengenezi hewani; anautengeneza kwa jirani yake.