Jeep ya Papa na Viatu vya Watu Wawili

Papa anaipenda jeep yake kuliko anavyotupenda sisi batoto, na hana hata haya. Kwetu Mususa, ukirudi na bulletin mbovu ya masomo, wewe shika kitambaa uanze kupangusa kioo cha jeep. Utasamehewa kabla ya kufika mlango wa pili.

Donc basi, wiki yaya yangu, dada yangu mkubwa, alipokuwa anaolewa Beni, Papa alikuwa ametangaza mtaani kote kwamba atampeleka mwenyewe. Bakwe, watu wa bwana harusi, walikuwa wamejitolea kutuma gari yao nzuri. Papa alikataa kama mtu aliyetukanwa.

"Mutoto yangu hatafika kwa bwana mu gari ya batu! Batasema baba yake alimutuma sawa muzigo."

Alhamisi fundi akaja kuangalia jeep. Alilala chini yake, akagongagonga, akatoka na uso wa daktari.

"Papa, janti ya nyuma, ile ya kushoto, imepasuka. Njo sababu ya zile mashimo za njia ya Kirumba. Na hii, Beni haufike."

Janti ni kile chuma ambacho mpira wa gurudumu unavaa. Mimi ningenunua kimoja nikaenda kula. Papa hapana.

"Mutu hanunuake kiatu moja," alisema. "Tunabadilisha yote ine. Na za kung'aa!"

Kwetu, mtu hapeleki jeep nzima sokoni kutafuta janti. Unafungua gurudumu, unapaka grisi kwenye ncha za bulo, bolti zinazoshika gurudumu, unakandamiza karatoni ya biskuti hapo, na bulo zenyewe zinachora alama. Unatoboa alama zile, na karatoni ndiyo inakwenda sokoni kwa niaba ya jeep. Papa alipima gurudumu la mbele. La nyuma lilikuwa na matope, na yeye alikuwa ameshavaa shati ya pasi.

Tukapanda moto, pikipiki moja watu watatu: dereva, Papa, na mimi nyuma nimekumbatia karatoni kama picha ya marehemu.

Mama muuzaji wa janti za mitumba alihesabu matundu: tano. Akapima tundu kubwa la katikati, lile linalokaa kwenye kitovu cha gurudumu. Papa hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshaona janti pana, zenye tumbo la nje, akazipapasa.

"Hizi zitatoka nje ya jeep sawa masikio ya mwalimu wetu wa hesabu," nilimwambia.

"Mutoto anasema kweli," mama akasema. "Ukikata kona, mpira utakula bodi. Kamata hizi za kuingia ndani. Na mpira ikuwe na urefu sawa na ya zamani. Papa, ulipima na nyuma?"

"Mama, gari ni moja!"

Yule mama aliniangalia. Nami nikamwangalia. Akatufungia upesi nne za kung'aa, maana mteja akishakasirika hanunui.

Nyumbani, zile za mbele zilikaa vizuri sana. Ziling'aa mpaka kuku wetu mmoja akaja kujitazama. Fundi akahamia nyuma. Nikamwona amesimama na janti mikononi, anaizungusha kushoto, anaizungusha kulia, kama mtu anayetafuta mdomo wa mtoto gizani.

"Papa, huku bulo ni sita."

"Sita namna gani?"

"Ulisahabu? Mwaka ule ekseli ya nyuma ilikufa kule Kirumba, tukaweka ya jeep ingine. Wewe mwenyewe ulisema ikuwe ya nguvu."

Nilijitahidi kunyamaza. Nawaapia, lakini mdomo ulinitoroka:

"Kumbe jeep yetu ilishaolewa kabla ya yaya! Huku familia ingine, na huku familia ingine!"

Papa alikalia janti moja ya kung'aa, bila kunirushia hata kiatu. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya. Simu yake ikalia: bakwe tena, bila shaka kuuliza kama watume gari. Papa aliitazama simu ikilia, hakuijibu. Yaya alitoka nje, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Papa, weka hata janti nyeusi. Mimi nitafika na wewe."

Kesho yake tukarudi sokoni na karatoni mpya. Nilikuwa nimeandika juu yake kwa makaa: NYUMA. Mama aliisoma, akauma mtandio wake asicheke. Alikubali kubadilishana zile mbili zilizobaki na mbili za matundu sita, za chuma cheusi, zenye kutu kidogo pembeni.

"Hakuna zenye kung'aa?" Papa akauliza kwa sauti ndogo.

"Kuko. Ziko mbele ya jeep yako."

Njia nzima ya Beni Papa alikuwa anapanga ujanja. Alipofika kwa bakwe, aliingia uani kinyumenyume mpaka matako ya jeep yakagusa ua wa mianzi, sura yote ya kung'aa ikawatazama wageni. Safi kabisa. Kitu kimoja tu alisahau: bibi harusi alikuwa amekaa nyuma. Kwa hiyo wamama wote, na nyimbo zao na vigelegele, walikwenda kumpokea pale pale, kwenye gurudumu jeusi.

Baba wa bwana harusi naye akafuata. Akaangalia nyuma. Akarudi mbele. Akaenda tena nyuma.

"Mukwe," alisema, "hii jeep yako iko na viatu vya batu mbili?"

Papa alinyoosha kola ya shati.

"Mukwe, njo maana ya harusi hiyo. Huku familia ingine, na huku familia ingine. Na unaona, imetembea mpaka hapa."

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. Wamama wakapiga vigelegele upya, na Papa akakumbatiwa kama mtu mwenye hekima.

Mais, lakini maneno yale yalikuwa yangu! Nilifungua kinywa niwaambie. Yaya, akitabasamu kwa wageni wote, akanikanyaga mguu kwa kiatu chake cheupe.