Ile Sijauzisha Bado

Ilianza Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya mama mudogo, na saa iliandikwa pale juu wakati swali la kwanza lilipoingia.

Ilikuwa ville morte. Siku tatu, walitangaza, kwa ajili ya watu waliouawa upande wa Beni: maduka yafungwe, pikipiki zisitembee, masomo yasifunguliwe. Sisi wa Butembo tumeizoea. Unapika maharagwe ya kutosha, unajaza bidoni za maji, unakaa nyumbani. Huku kwetu Vulamba barabara ilinyamaza hata nikasikia kuku wa jirani akitembea juu ya bati.

Ndipo président wa vijana wa kanisa, ambaye wote tunamwita Prési, akaleta mchezo katika kikundi chetu cha simu. Kikundi hicho kina vijana wa makanisa mawili, letu la Butembo na lile la Beni. Yeye anaandika swali, na wa kwanza kujibu vizuri anapata pointi. Sheria ilikuwa moja tu.

“Hapana kutafuta kwa internet,” alisema kwa sauti yake ya kuongoza chorale. “Kichwa yako na Mungu wako, basi.”

Swali la kwanza: ni mji gani wa zamani uliofunikwa na majivu ya volkano? Watu wakaandika Goma, wakacheka. Halafu ikaingia sauti ya msichana, sauti ya mtu asiye na haraka.

“Pompéi. Na mikate walikuta ingali ndani ya tanuru.”

Niliisikiliza mara nne. Sikujua mtu anaweza kukaa Beni, ambako sisi tunasikia habari za risasi tu, akajua mikate ya watu waliokufa mbali namna ile, zamani namna ile. Swali la pili lilikuwa mji mkuu wa Pérou. Yeye tena: “Lima. Mvua hainyeshi kule, karibu kabisa.” La tatu, karatasi ya kwanza ya watu wa Misri. Yeye tena: “Papyrus. Inaota ndani ya maji, na shina yake iko na pembe tatu.”

Swali la nne likamshinda: sayari inayojulikana zaidi kwa pete zake.

“Ile sijauzisha bado,” alisema.

Watu wa Beni wakamrukia. Kumbe walimfahamu. Alikuwa msichana aliyekimbia kutoka Eringeti na shangazi yake, sasa anauza karanga karibu na kanisa lao.

“Eh, ma sœur, uko nauzisha karanga ao sayari?”

“Uniwekee moja, lakini ile ya kukaanga.”

Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaona haya peke yangu.

Lazima niseme nilivyo. Niko mwaka wa tano wa secondaire, na darasani mwalimu akinitazama natazama meza. Katika kikundi sikuwahi kutuma sauti, naandika tu. Lakini siku ile Prési aliuliza ni ganda la mti gani lilileta dawa ya malaria, nami nikaandika quinquina mbele ya wote, maana mjomba wangu analichuna ganda hilo kila mwaka na vidole vyake vinabaki na uchungu hata akikata mkate. Prési akaandika: “Kumbe Vulamba iko na mutu.” Maneno hayo niliyasoma mpaka mama mudogo akaniambia, “Weye, simu si Biblia. Iache ipumzike.”

Baada ya sifa hiyo nilitaka nyingine. Jumanne asubuhi liliulizwa jina la mji mkuu wa Australia. Wote waliandika Sydney, wote wakakosea. Yule wa Beni akasema ile hajauzisha. Sitasema kidole changu kilikwenda chenyewe. Nilikipeleka mimi. Nilifunga kikundi, nikafungua internet, nikarudi na Canberra, nikangoja kidogo ili nionekane mtu anayekumbuka, halafu nikatuma.

Na niseme ukweli wote: kilichonirudisha kule si pointi peke yake. Pamoja na jina la mji zilikuja picha. Niliona bunge lao lenye nyasi juu ya paa, nyasi za kweli, watu wanatembea juu yake. Nilibaki mdomo wazi, sufuria ya maharagwe inaungua nyuma yangu. Kila nilipoiba jibu moja nilikuta dunia nzima imefungwa ndani yake kama mzigo, na nikataka kufungua mwingine. Mji mkuu wa Mongolie, Oulan-Bator: farasi wadogo kwenye theluji. Mfupa mdogo kuliko yote mwilini: uko ndani ya sikio, umbo la kikuku cha kupandia farasi. Jumatano asubuhi mimi na yule wa Beni tulikuwa tumewaacha wote mbali.

Saa sita mchana mambo yakaharibika. Kijana mmoja wa Beni akaandika kwamba kuna mtu anatafuta majibu.

“Mutu wa kuuzisha karanga atajulia wapi Pompéi?”

“Na Lima hainyeshi mvua. Nani anajuaka vile, kama si internet?”

“Mwizi wa majibu,” aliandika mwingine.

Sauti yake ikaja, bado haina haraka, lakini nyuma yake mtoto alikuwa analia.

“Mimi sina mega za internet za kuangalia. Simu ni ya mama jirani, ananiwekeaka ile ya message tu. Mutu aje aone.”

“Donc wewe ni nabii?” wakamwuliza.

Prési akasema mchezo huu ni wa kanisa, hapana uwongo ndani yake. Kesho, Alhamisi, saa moja asubuhi, kabla watu hawajaenda masomo, atamtoa katika kikundi.

“Prési, mi naomba,” alisema yule msichana. “Toka tulikimbia Eringeti sijaingia masomo. Kikundi hiki njo classe yangu.”

Hakuna aliyeuliza mimi Oulan-Bator niliitoa wapi. Mimi ni mtoto wa shemasi, niko secondaire, naandika bila makosa. Nililaza simu kifudifudi juu ya meza.

Saa kumi alasiri ikaita. Yule msichana wa Beni alikuwa amenitumia sauti, mimi peke yangu.

“Weye tu haukunitukana,” alisema, “njo maana nakueleza.”

Nikasikia karatasi zikigusana. Alinieleza kwamba shangazi yake alinunua vitabu vya shule moja iliyofungwa kwa ajili ya vita, mzigo mzima, kwa kufungia karanga. Ndani yake mlikuwa na kitabu kinene cha kifaransa cha kueleza vitu vyote vya dunia kwa kufuata alfabeti, lakini walipata kimoja tu, kile cha herufi P. Shangazi anakata kila ukurasa vipande vinne, kila kipande kinakunjwa kuwa koni. Na yeye hakunji kipande ambacho hajakisoma. Mteja anangoja amenyoosha mkono, yeye anamalizia mstari wa mwisho, ndipo anakunja na kutia karanga.

“Kisha kinaenda na mutu,” alisema. “Kwa hiyo naweka kwa kichwa mbele ya kuuzisha. Hakirudiaka.”

Akaanza kunisomea bila kusoma. Pélican, mfuko wake wa shingoni unabeba maji mengi kuliko tumbo lake. Porcelaine, Wachina waliificha siri yake miaka na miaka. Pompéi alijua mikate na mbwa aliyefungwa mnyororo, lakini hakujua ilikuwa mwaka gani, kwa maana robo ile ilishauzwa asubuhi moja na shangazi, yeye akiwa amekwenda kuteka maji. Mambo mengi aliyajua hivyo, mwanzo bila mwisho, au mwisho peke yake. Aliposema hajauzisha bado, alikuwa anasema kweli tupu.

Nilikaa juu ya kitanda nikihesabu majibu yake ya siku tatu. Pompéi. Pérou. Papyrus. Platine. Polynésie. Yote yalikuwa ya P, na sisi wote tulikuwa tunayatazama bila kuona. Mimi nilikuwa na internet yote mkononi na tayari nilikuwa nimeshasahau mfupa wa sikio unaitwaje. Yeye alikuwa na herufi moja iliyokatwakatwa, na hakupoteza kitu. Mwili ulinisisimka, kama kanisani wakati watu wote wanaposimama pamoja.

Mwishoni mwa sauti yake aliuliza: “Na weye, Oulan-Bator ulisoma kwa kitabu gani? Kama ungali na ukurasa, unitumie. Ya O sisi hatukupata.”

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomfuata mama mudogo jikoni, nikamweleza.

“Uliiba?” aliuliza, anachambua sombe, yale majani ya muhogo.

“Hapana. Niliangalia tu.”

“Uliangalia, halafu ukasema ni yako.” Akanisukumia kapu la majani nimsaidie. “Na ule mutoto wanamufukuza kesho.”



Alhamisi niliamka saa kumi na mbili. Pikipiki zilikuwa zimerudi barabarani. Nilikwenda nyuma ya nyumba, karibu na bidoni, nikabonyeza kitufe cha sauti. Mara ya kwanza sikutoa neno. Mara ya pili nilisikia sauti yangu inatetemeka, nikafuta. Mara ya tatu niliiacha itetemeke.

“Prési, na nyinyi wote. Anayetafuta majibu ni mimi wa Vulamba. Canberra nilitafuta. Mfupa wa sikio nilitafuta. Quinquina peke yake ni yangu. Yule ma sœur wa karanga anasoma karatasi zake mbele ya kufunga, na zote ni za herufi P, muhesabu wenyewe mutaona. Ma sœur, Oulan-Bator sikuisoma kwa kitabu chochote. Ukurasa huo sina.”

Niliachia kidole. Ikaenda.

Halafu Prési: “Nimehesabu. Wa Beni anabaki.” Ilipofika saa moja kamili simu ikaniandikia kwamba nimetolewa katika kikundi. Nikamrudishia mama mudogo simu yake, nikavaa sketi ya masomo, nikatoka.