Siku Niliyojisifu Kosele

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimepiga gitaa katika bendi ya Mzee tangu nitoke sekondari, na kila tulikokwenda, Muhuru Bay mpaka kisiwa cha Mfangano, wimbo niliopenda zaidi ni wa mwisho. Baada yake tunafunga vyombo, narudi Migori kwa kuku wangu.

Mzee ni nyota wa zamani wa muziki wa benga. Wasichana waliozicheza nyimbo zake sasa ni nyanya, wanaletewa viti. Alikuwa ametuambia wazi: "Siku nitasahau maneno mbele ya watu, naweka maiki chini, na nyinyi mwende mkalime." Mimi nilianza kufikiria mbegu za mahindi.

Siku yenyewe ilifika alasiri moja, kwenye harusi huko Kosele. Ubeti wa pili wa wimbo wake mkubwa ulipokaribia, Mzee alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyeweka kitu humo. Nikarudia mapigo yale yale ya gitaa, nikimngoja. Bado anatazama kofia. Bwana harusi naye akaanza kututazama.

Sasa, kwetu kuna pakruok: mgeni akitaka kujisifu, anasimamisha wimbo, sauti ya gitaa inashuka, anamwaga sifa zake, kisha wimbo unaendelea. Mpiga gitaa hajisifu. Kazi yake ni kuwashushia wengine sauti.

Ningenyamaza tu, kesho yake ningekuwa nyumbani kabisa, jinsi nilivyoomba miaka yote. Nikajikuta kwenye maiki.

"Simamisha hapo," nikasema. "Mimi ndiye yule mwanaume wa Migori ambaye kuku wake humngoja mlangoni. Nikiona ziwa, natapika kabla ya kupanda boti. Mke wangu amesema nikifa nitazikwa karibu na jikoni, nisipotee."

Watu wakacheka. Shangazi wa bibi harusi akauliza, "Na hizo ndizo sifa, omera, ndugu yangu?"

"Ngoja, mama, bado ziko," nikasema, na hazikuwepo. Nikarudia ile ya kuku.

Nyuma yangu Mzee akavaa kofia. Ubeti wa pili ukatoka wote, na wa tatu ukafuata.

Tulipokuwa tukikunja nyaya alinijia. "Umeongea sana. Ubeti nilikuwa nao."

"Ndiyo, Mzee."

"Jumamosi tunavuka ziwa kwenda Mfangano." Akaenda hatua chache, akageuka. "Utafute sifa zingine. Hiyo ya kuku watu wameshaisikia."