Upenyo wa Milamula

Jirani wa Kokushubila hajui kufanya kazi kimya. Akichimba anapiga mluzi, akikosea anajigombeza kwa sauti kama anamgombeza mtu mwingine. Tangu mkewe avunjike nyonga na kulazwa hospitali ya Rubya, kila akitoka kumwona anavua viatu vya kutokea, anashika jembe na kuhangaika na uwanja. Ameufagia na kuusawazisha mpaka kuku wanateleza. Ua ameukata ukanyooka, na kila mche mpya anaushindilia udongo kwa viganja vyake vipana kama anayemfunika mtoto blanketi. Lakini leo Kokushubila amemkuta aking'oa milamula, mimea ya kuonyesha mpaka, pale kwenye upenyo ambao yeye na mke wa jirani wamepita miaka yote kupelekeana chumvi na umbeya. Mlamula wa mpakani haung'olewi hivihivi. Watu wamefikishana barazani kwa mmoja tu.

"Waitu! Unahamisha mpaka mchana kweupe?"

"Tazama kwanza, mae wangu."

Akatia mipini miwili ya majembe kwapani, akakunja mguu, akaja akichechemea. Mpini wa kulia ukanasa kwenye mlamula, akaanguka kwenye majani, akacheka mpaka akakohoa.

"Bado pembamba," alisema akijipangusa magoti. "Kesho mwenzangu anarudi na magongo. Swali lake ni moja tu, kama atafika kwako."

Kokushubila akajifunga kanga kiunoni, akaushika mlamula uliomwangusha.

"Huu uko upande wangu," alisema, akaung'oa.