Zulia Tupu Nyuma ya Dokta

Kila Idi pili, baada ya pilau, watu wetu wa Ghulail, mtaa wa Jeddah, huchagua mwenyekiti wa chama cha maziko. Hakuna karatasi. Wagombea husimama mbele, na kila mwanachama hujipanga nyuma ya mtu wake. Dokta aligombea kila mwaka, na kila mwaka nyuma yake palibaki zulia tupu.

Alikuwa daktari wa hospitali mpaka alipostaafu. Siku hizi baraza yake hujaa watu wa kupimwa presha bure, haohao wanaompita Idi pili kama hawamjui. Siasa ilimwingia siku alipofariki dada mmoja wa Mombasa, mtumishi wa nyumba moja ya Al-Naseem, Riyadh, aliyeletwa Jeddah na madam wake. Chama kikasema si mwanachama, halas. Mimi na Dokta ndio tuliombeba, tukisaidiwa na wapita njia. Tangu hapo ana sera moja: mwenzetu akifa huku tumzike, awe na kadi ya chama asiwe nayo.

Mimi sina kadi. Shule niliiacha mapema na sijatulia tangu hapo. Nimeendesha gari Al-Suwaidi, Riyadh, nimebeba samani, nimeuza mitumba, nikiulizauliza kila kitu njiani. Kadi hupewa wenye makazi ya kudumu. Kwa hiyo nilijua Dokta anagombea kaburi langu pia.

Mwaka huu nikaenda kusimama nyuma yake. Mwenyekiti akacheka.

"Dokta, hata huyo mmoja hahesabiki. Mafi kadi, hana."

"Basi nihesabu mimi," Dokta akajibu.

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema. "Nilipombeba mama yako mpaka makaburini, uliniuliza kadi?"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja muuza ubani, aliyekuwa katika mstari wa mwenyekiti, akakohoa, akainua kanzu yake kidogo, akaja kusimama nyuma yangu. Yeye tu. Mwenyekiti akashinda kama kawaida yake.

Sahani hazijaondolewa, Dokta akatangaza kwamba mwakani anagombea tena. Mtu akamwuliza kama hachoki. Akasema amezitibu homa nyingi, lakini hiyo yake hataki ipoe.

Wiki ileile kafili wangu wa zamani, tajiri aliyenidhamini kazi, alinipigia simu nirudi Riyadh, kuna gari la kuendesha. Nikamwambia sitoki Ghulail. Nina mtu wa kusimama nyuma yake, na nyuma yangu sasa kuna mtu.